Meli za Kushusha Askari na Ulinzi wa Umma: Uhakiki wa Masimulizi ya Tanga, Ziwa Victoria na Conakry

Katika madarasa ya elimu ya siasa Musoma na Bunda, Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 husomwa zaidi kwa ajili ya ile ibara inayowakataza viongozi majivuno, ubwana na dharau kwa wananchi. Ibara zinazohusu ulinzi hupitwa haraka. Mwanafunzi hukutana na neno "Guinea", akaambiwa kwamba nchi hiyo ilivamiwa na Wareno, kisha somo likasonga mbele. Ni nadra kuulizwa: walivamiaje? Walifika kwa chombo gani? Walioshuka kutoka katika chombo hicho walikuwa nani? Na kwa nini tukio la Afrika Magharibi liliwashtua viongozi wa Tanganyika na Zanzibar hata likaandikwa katika waraka wa msingi wa Chama?

Jibu fupi ni kwamba Guinea ilivamiwa kwa meli za kushusha askari. Usiku wa kuamkia 22 Novemba 1970 meli za jeshi la maji la Ureno zilisogea gizani mbele ya Conakry, zikashusha watu wenye silaha katika mji mkuu wa nchi huru ambayo Ureno haikuwa imetangaza vita nayo. Miezi miwili baadaye, 25 Januari 1971, Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda. Mwongozo uliyaweka matukio hayo mawili bega kwa bega: nchi moja ilivamiwa kutoka baharini ikasimama, nyingine iliangushwa na jeshi lake yenyewe. Asiyeelewa meli zile hawezi kuelewa vizuri kwa nini waraka ule ulisisitiza kwamba ulinzi ni kazi ya umma mzima.

Makala haya yanahakiki namna vita vya aina hii vinavyosimuliwa. Kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuiabudu meli, yaani kudhani kwamba mwenye chombo kikubwa ndiye mwenye ushindi. La pili ni kuidharau meli, yaani kudhani kwamba moyo wa wananchi unatosha na vyombo si kitu. Kosa la kwanza limejaa katika vitabu vya wakoloni. Kosa la pili, hapana budi kusema kweli, limejaa katika hotuba zetu wenyewe.

CHOMBO CHENYEWE

Tuanze na kitu kabla ya fikra juu ya kitu hicho. Meli ya kawaida huhitaji bandari: maji ya kina, gati na winchi. Meli ya kushusha askari imetengenezwa ili ufuko wowote unaofaa uwe bandari yake. Tumbo lake ni bapa na linazama kidogo tu majini. Omo yake ina mlango unaofunguka na ulalo unaoshushwa hadi mchangani, watu na magari wakapita juu yake. Ndani mna matangi ya farumi. Meli ikiwa safarini matangi hujazwa maji ili itulie mawimbini. Ikikaribia nchi kavu maji hutolewa ili omo iinuke na kugusa ufuko kwanza. Kabla ya kugusa, nanga huangushwa kutoka tezi, mbali majini, ili baadaye meli ijivute yenyewe kurudi nyuma.

Msomaji wa Bunda aliyewahi kuvuka kutoka Kisorya kwenda Rugezi, Ukerewe, ameuona msingi wa kazi hiyo. Kivuko kinaposhusha ulalo wake na magari yakatoka, ndiyo elimu ileile, bila mtu anayekusubiri ufukoni na bunduki.

Kuna aina nyingine pia. Zipo meli kubwa zenye kizimba cha maji ndani ya tezi: nyuma hujazwa maji, vyombo vidogo vikaelea humohumo na kutoka na askari. Na tangu miaka ya 1950 zipo manowari zinazorusha helikopta, hata askari akashushwa nyuma ya ufuko bila kulowa mguu.

Haya yote ni matunda ya mahitaji ya vita na ya viwanda. Huko Gallipoli, Aprili 1915, Waingereza walitoboa milango ubavuni mwa meli ya makaa iitwayo River Clyde wakaisukuma ufukoni. Wengi waliotoka katika milango ile waliuawa kabla ya kufika nchi kavu. Mwaka 1942, katika uvamizi wa Madagascar, walitumia HMS Bachaquero, mojawapo ya meli za kwanza kabisa za kushusha vifaru. Hapo awali ilikuwa meli ya kubeba mafuta ya Maracaibo, Venezuela, iliyojengwa izame kidogo ili ipite juu ya fungu la mchanga. Chombo cha biashara ya mafuta kikageuzwa kuwa chombo cha vita kwa kutobolewa omo. Tulikumbuke jambo hili, maana litajitokeza tena katika ziwa letu.

Lakini meli ni sehemu moja tu ya mnyororo. Kazi hii ina hatua nne: kupakia, kusafiri, kushuka na kusonga mbele. Kinachohitajiwa kwanza ufukoni hupakiwa mwisho. Hatua moja ikikatika, mnyororo wote ni bure.

TANGA 1914: NYUKI AU RELI?

Mfano mkubwa uko katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken, katika meli kadhaa za abiria na mizigo zikisindikizwa na manowari HMS Fox. Tarehe 2 Novemba nahodha wa Fox alitangulia kudai mji usalimu amri. Saa zikapita katika mazungumzo. Usiku ule askari wa kwanza wakashushwa Ras Kasone. Tarehe 4 lilifanyika shambulio kubwa, likavunjika. Tarehe 5 waliosalia walirudi melini, wakiacha ufukoni bunduki kwa mamia na risasi kwa malaki. Waliokuwa wakiwakabili chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu.

Masimulizi yanayopendwa husema kwamba nyuki waliwafukuza Waingereza. Ni kweli kwamba nyuki waliwashambulia askari, tena wa pande zote mbili. Propaganda ya wakati ule hata ilidai kwamba Wajerumani waliwatega. Hadithi ya nyuki imedumu kwa sababu inamfaa aliyeshindwa: inageuza kushindwa kwa fikra kuwa mkosi wa porini.

Hali halisi ni nyingine. Askari walikaa majini kwa majuma mengi, wengi wao wakiwa hawajawahi kupigana pamoja. Aitken hakuona haja ya kuwatumia KAR walioijua nchi. Hapakuwa na vyombo maalumu vya kushushia watu. Zaidi ya yote, muda uliopotea katika kudai mji usalimu ulimpa adui nafasi ya kuleta watu wake kwa reli ya Usambara kutoka Moshi. Chombo kilichoamua vita vya Tanga kilikuwa gari moshi. Na reli ile ilijengwa kwa jasho la Waafrika, ikaliendesha jeshi ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika.

Vitabu vinasemaje? Historia rasmi ya Waingereza iliyoandikwa na Hordern na kutolewa 1941 haifichi kwamba Tanga ilikuwa kushindwa. Kwa hilo tuipe haki yake. Lakini macho yake ni ya afisa aliyesimama juu ya sitaha: huhesabu vikosi, saa na amri, na wapagazi huonekana kama tatizo la uchukuzi. Riwaya ya William Boyd, An Ice-Cream War, iliyotoka 1982, inaeleza fujo ya kushuka Tanga kwa ustadi na kejeli, na msomaji anauona upumbavu wa vita vile. Hata hivyo moyo wa riwaya ni huzuni ya familia za Kizungu. Mwafrika yuko pembeni ya ukurasa kama alivyowekwa pembeni ya meza ya mkoloni. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2020, imefanya kazi iliyokuwa imebaki: imemweka katikati askari wa Mjerumani mwenyewe, na inauliza kijana wa pwani anaingiaje katika jeshi la anayemtawala, na anatokaje akiwa amevunjika. Swali hilo ni la kisiasa kuliko hesabu zote za Hordern.

ZIWA LETU: MELI ZA PAMBA ZIKABEBA BUNDUKI

Yaliyotokea Tanga yalikuwa na ndugu yake hapa Mara, ingawa hayasimuliwi sana. Kabla ya 1914 Reli ya Uganda ilikuwa na meli kadhaa katika Ziwa Victoria: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza na nyinginezo. Zilitengenezwa Uingereza, zikaletwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa hapo. Kazi yake ilikuwa kukusanya pamba, ngozi na mazao ya wakulima wa kandokando ya ziwa na kuyapeleka relini, kutoka hapo Mombasa, na kutoka hapo viwandani Ulaya.

Vita vilipoanza, meli hizohizo zilifungwa mizinga na kupakia askari. Mnyonyaji hakuhitaji kujenga meli mpya. Njia ya kutoa mali ilikuwa tayari ni njia ya kuingiza jeshi. Novemba 1914 Sybil ilikwama mwambani Majita, katika ardhi iliyokuwa ya Mjerumani, na ilibidi kikosi kije mwaka 1915 kuikwamua. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza walipeleka askari kwa meli wakaikalia Shirati. Juni 1915 walivuka kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili, 22 na 23, wakauharibu mtambo wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Julai 1916, baada ya kuiteka Ukerewe, walishuka karibu na Mwanza, na mji ukaanguka tarehe 14.

Kwa nini ziwani walifaulu na Tanga wakashindwa? Mwenye kuabudu meli atasema walikuwa wamejifunza. Ni kweli kwa sehemu. Lakini sababu kubwa ni kwamba ziwani waliitawala njia yote: meli zao zilikuwa nyingi kuliko za Mjerumani, waliweza kuchagua mahali na wakati, na adui hakuwa na reli ya kufika ufukoni upesi. Ushindi ulitokana na mnyororo mzima.

Na wananchi wa Majita, Shirati na Ukerewe je? Kwao bendera zilibadilika. Ng'ombe wakachukuliwa, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Mpagazi ndiye alikuwa hatua ya nne ya mnyororo, ile ya kusonga mbele, na ndiye asiyetajwa jina katika historia rasmi.

WANAOSHUKA NI NANI?

Hapa ndipo uhakiki wetu unapofika kwenye kiini. Meli haina siasa. Walioiagiza wanayo, na walioshushwa wanayo, hata kama hawajui. Katika Vita Kuu ya Pili, baada ya Waingereza kuitwaa Diego Suarez, Mei 1942, walileta Madagascar brigedi ya Afrika Mashariki. Septemba mwaka huo vikosi vilishuka Majunga, na askari wa KAR wakapigana kuelekea kusini. Kati ya vijana wa Tanganyika waliopelekwa Madagascar alikuwamo David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyejiunga na KAR mwaka 1942.

Kijana huyo alivushwa bahari kwenda kuamua ni mkoloni yupi aitawale Madagascar, Mfaransa wa Vichy au Mfaransa wa de Gaulle. Miaka 37 baadaye mtu huyohuyo alikuwa kamanda wa Divisheni ya 20 ya JWTZ iliyomng'oa Amin, na kuanzia 1980 hadi 1988 akawa Mkuu wa Majeshi. Alifariki mwaka 2024. Ujuzi wa mtu ulikuwa mmoja. Kilichobadilika ni nani aliyempa amri na kwa ajili ya nani. Kada anayefundisha historia ya Musuguri kwa kutaja vyeo tu, bila kueleza badiliko hilo, amebeba ganda akaacha punje.

Conakry ilikuwa kinyume chake. Walioshuka Novemba 1970 chini ya maafisa wa Kireno walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika: askari kutoka Guinea-Bissau waliokuwa katika jeshi la mkoloni, na wapinzani wa Sékou Touré walioahidiwa madaraka. Shabaha zilikuwa kuiangusha serikali, kuwakamata viongozi wa PAIGC, kuharibu ndege za kivita na kuwatoa mateka wa Kireno. Walifaulu kuwatoa mateka 26 na kuharibu baadhi ya vyombo vya PAIGC. Amílcar Cabral hakuwapo. Ndege hazikuwa mahali zilipodhaniwa. Afisa mmoja Mwafrika aliasi na watu wake. Umma haukuinuka kumpokea mvamizi. Kabla mapambazuko hayajakomaa meli zilikuwa zinaondoka, na 8 Desemba 1970 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likailaani Ureno.

Basi meli zilifanya kazi yake barabara. Zilifika, zikashusha, zikaondoka. Kilichoshindwa ni siasa ya uvamizi. Mareno aliweza kuufikia ufuko wa Guinea, hakuweza kuzifikia nyoyo za Waguinea.

Lakini mhakiki wa kweli hasimami hapo. Baada ya ushindi ule, serikali ya Guinea iligeuza ulinzi kuwa msako. Januari 1971 watu walinyongwa hadharani, na kambi ya Boiro ikajaa watu walioitwa mamluki bila ushahidi. Miaka iliyofuata hata Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa OAU, alifia humo, mwaka 1977. Serikali iliyookolewa na umma ikaanza kuuogopa umma. Tunapoifundisha Conakry kama mfano wa ulinzi wa wananchi, tuifundishe yote. Anayeisifu asubuhi ya 22 Novemba na kunyamazia Boiro anafundisha nusu ya somo, na nusu ya somo la ulinzi ni hatari kuliko kutofundisha kabisa.

25 JANUARI 1964: MLANGO ULIOKUWA WAZI

Tanzania ilikuwa na sababu yake ya kuliogopa sana tukio la Conakry. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kesho yake wenzao wa Tabora. Serikali changa haikuwa na nguvu nyingine ya kuwazuia. Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa mkoloni wa jana. Manowari HMS Centaur ilifika kutoka Aden ikiwa na makomando wa kikosi cha 45, na alfajiri ya 25 Januari helikopta zikawashusha Colito. Kwa saa chache maasi yakaisha. Askari wachache waliuawa.

Tulinganishe. Tanga mwaka 1914 watu 8,000 walishindwa. Dar es Salaam mwaka 1964 mamia machache walifaulu kabla ya chai ya asubuhi. Helikopta ilisaidia, lakini haielezi yote. Jeshi lililoasi lilikuwa jeshi la kurithi, lenye maafisa wa Kiingereza juu na askari wasiokuwa na uhusiano wa kisiasa na wananchi. Wananchi hawakuwa na nafasi katika ulinzi. Na serikali yenyewe ndiyo iliyoita. Meli haikuvunja mlango, iliukuta wazi.

Mwalimu hakuficha kwamba jambo lile lilikuwa fedheha kwa taifa. Alivunja jeshi lile, na Septemba 1964 likaundwa JWTZ kwa vijana waliotoka katika Chama na umoja wa vijana. Mwongozo wa 1971 na kuenea kwa mgambo ni hatua iliyofuata katika mwendo huohuo, na mwaka huohuo likaanzishwa jeshi la maji kwa msaada wa China. Hivyo msukumo wa fikra zetu za ulinzi ulitoka kwa meli mbili zilizoshusha askari: moja tuliyoiita kwa aibu, nyingine iliyowaendea wenzetu kwa hila.

NZWANI, KISMAYU NA UGONJWA WA "KWANZA"

Sasa tuligeukie kosa la pili, la kukidharau chombo. Usiku wa kuamkia 25 Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika kutoka Tanzania na Sudan, wapatao 1,350, pamoja na askari wa Comoro wapatao 450, walivuka kutoka Mwali na kushuka Nzwani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyeng'ang'ania madaraka dhidi ya serikali ya Muungano wa Comoro. Kisiwa kilishikwa kwa muda mfupi na kwa umwagaji damu mdogo. Bacar alikimbilia Maore inayoshikiliwa na Ufaransa, akapelekwa Réunion na hatimaye Benin.

Kwa mwanamapinduzi wa maneno, habari inaishia kwenye shangwe. Lakini tuulize swali la chombo: jeshi lilifikaje Comoro? Libya na Ufaransa zilisaidia katika uchukuzi. Dola ileile iliyoikalia Maore, kisiwa cha nne, ilikuwa na mkono katika usafiri wa kwenda kuunganisha visiwa vitatu. Hii si hoja ya kuilaumu operesheni. Serikali halali iliomba msaada na Umoja wa Afrika uliitika. Ni hoja ya kuonyesha kwamba asiye na meli huazima, na mwenye kuazimisha hana budi kuwa na neno lake.

Tarehe 28 Septemba 2012 majeshi ya Kenya yalishuka ufukoni karibu na Kismayu, Somalia, na baada ya muda mfupi al-Shabaab wakauacha mji. Ilikuwa kazi kubwa iliyounganisha nchi kavu, anga na maji. Masimulizi yaliyoenea baada ya hapo yalisema kwamba ni mara ya kwanza kwa jeshi la Kiafrika kushambulia ufuko kutoka majini. Dai hili halisimami. Nzwani ilitangulia kwa miaka minne. Na kabla ya zote, tarehe 6 Oktoba 1973, jeshi la Misri liliuvuka Mfereji wa Suez kwa mashua, likaubomoa ukuta wa mchanga kwa mipira ya maji yenye nguvu, na vikosi vyake vya majini vikapita Ziwa Chungu Kubwa kwa magari yanayoelea. Misri iko Afrika.

Atakayesema kwamba mfereji si bahari atakuwa na hoja ya kitaalamu, lakini Nzwani imezungukwa na bahari pande zote. Tatizo la dai la "kwanza" si kukosea tarehe tu. Linatufanya tushindane kwa fahari ya taifa moja moja, badala ya kukusanya ujuzi wa Afrika nzima. Cairo ina somo kwa Mombasa, na Mombasa ina somo kwa Kigamboni.

KUTOKA NADHARIA HADI KISORYA

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: mkulima wa Butiama au mvuvi wa Musoma ana haja gani na haya yote? Anayo, kwa sababu mbili.

Kwanza, ulinzi. Ziwa halina ukuta. Historia ya 1914 hadi 1916 imeonyesha kwamba kila gati la pamba laweza kuwa gati la askari. Mwaka 1979, wakati wa vita vya kumng'oa Amin, ndege ya Libya ililenga matangi ya mafuta Mwanza ikakosa, mabomu yakaanguka kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Kilichotuokoa siku ile hakikuwa maandalizi. Mwaka 2015 jeshi letu la maji lilipata meli mbili za kivita, Mwitongo na Msoga. Mwitongo ni jina la pale Butiama alipoishi na kuzikwa Mwalimu. Ni heshima, lakini jina halilindi nchi. Mwananchi wa Butiama anapaswa kujua si jina la meli tu, bali kazi yake, mipaka yake, na nafasi yake yeye mwenyewe katika mnyororo wa ulinzi.

Pili, uhai wa kila siku. Tumesema kwamba hatua ya kushuka ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu uzito wa watu na mizigo unahama upande mmoja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, kikiwa kimepakia kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa mbele ya macho ya ndugu zao waliokuwa nchi kavu. Miaka 22 kabla yake, 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakaangamia. Wazamiaji wa jeshi letu la maji walikuwa kati ya waliokuja kuokoa Ukara. Jeshi lilifika; lakini kanuni ambayo kila askari wa majini hufundishwa siku ya kwanza, ya nani apande, wangapi, akae wapi na ashuke lini, haikuwa imemfikia abiria wala haikusimamiwa na waliopewa dhamana. Ujuzi ukiwa mali ya wachache, wengi hufa kwa kuukosa. Azimio la Musoma la 1974 lilidai elimu iungane na kazi na maisha ya watu. Sioni mahali pa kulipima dai hilo panapofaa kuliko kwenye ulalo wa kivuko.

Kutokana na hayo, wakufunzi na wanafunzi wa siasa tuna kazi zilizo wazi. Ibara za ulinzi za Mwongozo zisomwe pamoja na ramani ya Conakry na ramani ya ziwa, siyo kama kasida ya kukariri. Wazee wa Majita, Shirati na Ukerewe waulizwe walichosimuliwa na wazazi wao juu ya vita vya kwanza, maana masimulizi ya wapagazi hayamo katika Hordern na hayatangoja milele. Mgambo na vikundi vya wavuvi wajifunze uokoaji na kanuni za upakiaji pamoja na kwata. Na tunapomsifu askari aliyeshuka ufukoni, tuulize daima maswali matatu: nani alimtuma, chombo ni cha nani, na watu wa ufuko ule walimpokeaje.

Aitken alikuwa na meli, hakuwa na majibu ya maswali hayo. Waasi wa Colito walikuwa na bunduki, hawakuwa nayo pia. Guinea ilikuwa nayo asubuhi moja, kisha ikayapoteza Boiro. Sisi wa Mara tunaoishi ukingoni mwa maji hatuna ruhusa ya kuyapuuza.